Faili la chakula cha samaki linakataa au linadanganya? Dalili, sababu na pa kuanzia kutafuta

Hii nawaandikia wenzangu munaofuga mwatiko na sato huku Unguja na Pemba, nyinyi munaochanganya chakula wenyewe kwa kutumia faili la pamoja, liwe la kikundi kwenye Google Sheets au Excel inayozungushwa kwenye grupu la WhatsApp. Namba nyingi za humo zimechotwa Feedipedia, tovuti ya viambato vya chakula cha wanyama, ambayo inaendeshwa na taasisi za Ufaransa INRAE, CIRAD na AFZ pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nyengine zimetoka IAFFD, hifadhi ya data ya kimataifa ya chakula cha samaki yenye jedwali la viambato na jedwali la mahitaji ya samaki, na nyengine ni yale mahitaji yaliyotolewa na NRC, baraza la utafiti la Marekani, mwaka 2011. Ni hazina kubwa hiyo na tuitumie, mana zamani mtu alikuwa anachanganya kwa kukisia tu, kopo mbili za hichi na moja ya kile.

Lakini malalamiko ni yale yale kila siku: kwenye faili chakula kinasoma protini asilimia 30, bwawani samaki wamedumaa. Halafu watu wanaanza kuichezea fomula, wanaongeza dagaa, wanapunguza pumba, pesa inaondoka. Mie nasema fomula muiache kwanza. Mara nyingi hesabu iko sawa kabisa, ila ile namba iliyoingia kwenye hesabu si ya polo lililoko ghalani kwenu.

Faili linaonesha protini nzuri, samaki hawakui

Hapa ndo penye kazi, tukae kidogo.

Sababu ya kwanza ni jina. Kwenye faili kuna mstari umeandikwa "mashudu ya nazi", protini kama 20 au 21 hivi. Mashudu hayo ni yale yanayobaki mbata ikishakamuliwa mafuta kwenye mashine. Sasa mtu wa kikundi anakusanya chicha majumbani na kwa mama ntilie, anaianika, anaisaga, na kwenye faili anachagua mashudu ya nazi kwa sababu zote si nazi? Chicha ni nazi iliyokunwa ikatolewa tui, haijakamuliwa na mashine, protini yake ni ndogo sana na bado ina mafuta mengi na nyuzinyuzi. Ukiiweka asilimia 20 ya chakula ukidhani ni mashudu, ushajidhulumu protini bila kujua, na yale mafuta yanaoza haraka kwa joto letu hili. Chicha ipewe mstari wake peke yake, na jina liwe chicha.

Mashudu ya alizeti hayo hayo. Tunayoyapata huku mengi yanatoka bara, na kuna yaliyokamuliwa na maganda yake na kuna yaliyomenywa kabla ya kukamuliwa. Yenye maganda yanacheza protini ya 20 na kitu mpaka 28, na nyuzinyuzi zinaweza kufika 30, wakati yaliyomenywa vizuri yanapita 35. Kwenye data za mtandaoni yote yapo, kila moja na ukurasa wake, sasa aliyejaza faili lenu alichagua lipi? Muulizeni. Kama hakumbuki basi nendeni mukatazame mashudu yenyewe, maganda meusi yanaonekana kwa macho, hayajifichi.

Pumba za mpunga ndo khatari zaidi. Pumba halisi, ule unga laini unaotoka wakati mchele unang'arishwa, una protini 12 mpaka 14 na mafuta ya kutosha. Lakini vile vinu vidogo vinavyokoboa na kung'arisha kwa mkupuo mmoja vinatoa pumba zilizochanganyika na makapi, na hapo protini inaweza kushuka mpaka 6 au 7, na makapi samaki hafaidiki nayo chochote. Chukua ujazo wa mkono, sugua baina ya viganja: zikikukwaruza na ukaona vipande vya rangi ya majani makavu vinang'aa, hizo si za 13.

Halafu dagaa. Dagaa wetu wengi wanachemshwa na chumvi halafu wanaanikwa, na tofauti ya aliyeanikwa kwenye chanja na aliyeanikwa chini ni mchanga. Tena wanaouziwa wafugaji mara nyingi ni wale waliobaki, waliokatikakatika, waliofagiwa. Saga kidogo, tia kijiko kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo, halafu mwaga maji taratibu. Ule mchanga ulokaa chini umeununua kwa bei ya dagaa, na kwenye faili umeupa protini 60. Maabara wao wataita majivu, na ukiona majivu yamepanda sana ujue mchanga na chumvi vimo.

Sasa tuzipige hesabu muone uzito wake. Mfano chakula cha dagaa 30, mashudu ya alizeti 25, pumba za mpunga 30, unga wa muhogo 13 na primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) 2. Kwa namba za faili, dagaa 60, mashudu 28, pumba 13, muhogo 2.5, unapata 18 ukijumlisha 7 na 3.9 na 0.3, yaani 29.2. Vizuri kabisa kwa sato wa kukuzia. Sasa weka namba za mapolo yenyewe, dagaa mwenye mchanga 50, mashudu yenye maganda 22, pumba zenye makapi 7. Unapata 15 na 5.5 na 2.1 na ile 0.3, jumla 22.9. Fomula ile ile, faili lile lile, hakuna alokosea kuzidisha. Protini sita na ushei zimepotea kwenye majina tu.

Kila kikundi kina jibu tofauti kwa fomula moja

Mutafute kwanza maneno haya: kavu kabisa, au kama kilivyo. Feedipedia protini na majivu na nyuzinyuzi inaziandika kwa kiambato kilichotolewa maji yote, pale pameandikwa "% DM", wakati majedwali mengine yanaandika kwa kiambato kama kilivyo kwenye polo, na maji yake. Mtu akikopi mistari mitano huku na minne kule akapesti kwenye faili moja bila kubadilisha, anajumlisha vitu viwili visivyojumlishika.

Kubadilisha ni rahisi. Zidisha namba ya kavu kwa sehemu ya ukavu. Dagaa wa 65 kwa kavu, na ukavu wake 92 kwa mia, ni 59.8 kwenye polo. Lakini hebu fikirini masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ghala la bati lisilo na chaga, dagaa amevuta unyevu mpaka ukavu umeshuka 85. Dagaa huyo huyo sasa ni 55 na kidogo. Kwa hiyo hata faili lililosawazishwa vizuri wakati wa kaskazi linahitaji kutazamwa tena mvua zikianza. Na polo likishapita unyevu wa 13 hivi, protini ndo tatizo dogo, tatizo kubwa ni ukungu na sumu yake ya aflatoksini, khasa kwenye mahindi, mashudu ya karanga na ya nazi. Lenye ukungu lisiingie kwenye chakula hata kama faili linalitaka.

Kupima ukavu hakuhitaji maabara ya mbali: gramu 100 kwenye sahani, oveni ya moto mdogo, pima, rudisha, pima tena mpaka uzito usibadilike. Maabara wanatumia nyuzi 105, ya nyumbani haitokuwa sahihi hivyo lakini itakutoa kwenye kukisia, mradi usiunguze.

Solver inasema hakuna jibu

Solver ni kile kifaa cha ndani ya faili kinachotafuta chenyewe mchanganyiko unaotimiza masharti yako. Kabla ya yote, kama unatumia simu, huipati humo, tafuta kompyuta yenye Excel au LibreOffice. Kama unayo na imekataa, sababu ya kwanza kutazama ni laisini, moja ya asidi amino, yaani vile vipande vinavyojenga protini. Mahitaji ya asidi amino yanaandikwa kwa namna mbili, asilimia ya protini au asilimia ya chakula chote, na watu wanazichanganya kila siku. Sato anahitaji laisini kama 5.1 ya protini, mwatiko kama 4. Ukiichukua 5.1 ukaiweka kama kiwango cha chini cha chakula chote, Solver itahangaika mpaka kesho, mana hakuna mchanganyiko wa dagaa na mashudu duniani utaokupa hiyo. Chakula cha protini 30, 5.1 ya 30 ni 1.53. Hiyo ndo namba ya kuweka. Na upande wa viambato vile vile, Feedipedia inatoa laisini kama asilimia ya protini ya kiambato, kwa hiyo kabla ya kuipesti izidishe kwanza na protini yake, la sivyo mashudu ya alizeti, ambayo laisini yake ni chache, yataonekana tajiri kuliko yalivyo.

Ikiwa laisini iko sawa basi tazameni mipaka. Mutakuta mtu kaweka dagaa asizidi 15, soya isizidi 10, mafuta yasizidi 8, nyuzinyuzi zisizidi 6, halafu anataka protini 35. Viambato vilivyobaki ni pumba na muhogo, itatoka wapi? Legeza mpaka mmoja mmoja, kila mara bonyeza tena, utaujua unaobana. Na jumla ya viambato iwe 100 kamili, si "isizidi 100".

Namba za ajabu ajabu

Nishati imetoka 12 wakati mahitaji yanasema 3,000. Hiyo ni megajuli na kilokalori, 3,000 za kilokalori kwa kilo ni 12.55 za megajuli, chagueni moja muandike juu ya safu. Hapo hapo angalieni nishati ni ya mnyama gani. Feedipedia ina nishati ya ng'ombe, ya kuku, ya nguruwe, na mtu akiona safu imejaa namba anaichukua tu. Samaki si kuku, hawatumii wanga sawasawa, na nishati ya ng'ombe ndo kabisa haimhusu, mana ng'ombe anasaga nyuzinyuzi tumboni na samaki hawezi.

Kiambato kizuri programu inakikataa kila ukibonyeza. Tazama seli tupu. Pale ambapo methionini, asidi amino nyengine, haijajazwa kwa sababu haikupimwa, faili linaihesabu sifuri. Seli tupu itiwe rangi, na kama munakisia basi andikeni pembeni kwamba ni ya kukisia.

Namba zenye mkato badala ya nukta. Faili likitoka kwenye kompyuta iliyosetiwa Kitaliano au Kifaransa, 3,5 ni tatu na nusu, likifunguliwa huku linaweza kusomwa kama maandishi tu au likageuka 35. Muhogo wenye protini 35, mutafurahi siku moja.

Na hili la kusoti lina uchungu wake, nimeliona kwenye mafaili ya vikundi zaidi ya kimoja. Mtu anataka majina yapangike kwa alfabeti, anachagua safu ya majina peke yake, anasoti. Majina yanahama, namba zinabaki pale pale. Alizeti sasa ana protini ya dagaa, chumvi ina mafuta. Faili halilalamiki, fomula zote zinafanya kazi, na kila mtu alodaunlodi siku hiyo ana nakala mbovu. Dawa yake: mistari mitatu ya kupimia ambayo kila mtu anaijua kwa kichwa. Chokaa haina protini, mafuta ya kula ni karibu mafuta matupu, muhogo ni kama 2 au 3. Kila ukifungua faili tazama hiyo mitatu kwanza. Ikikosea, usiendelee, fungua historia ya faili kwenye Google Sheets urudi nyuma. Na ruhusa ya kuhariri wapewe wawili watatu tu, wengine wasome na wakopi.

Fomula rahisi imekuwa ghali

Fupi hii. Bei imeandikwa kwa polo na programu inasoma kwa kilo, au polo ni la 50 na mtu kaandika kama la 100. Au bei ni ya Darajani, Unguja, na nyinyi muko Wete, Pemba, nauli ya boti na upakuzi haimo. Kila kisiwa na safu yake ya bei, na tarehe.

Namba zote sawa, samaki bado

Sasa hapa ndo pale ambapo jedwali zuri kuliko yote halikusaidii, kwa sababu kuna mambo halioneshi.

Soya mbichi na soya iliyokaangwa zinasoma karibu sawa kwenye jedwali, protini 36 mpaka 38, mafuta 18 mpaka 20. Lakini mbichi ina vizuizi vinavyomzuia samaki kusaga protini, na moto ndo unaoviua. Faili linakwambia umempa 30, tumbo lake linasema hapana. Kaangeni au chemsheni ipike kabisa kabla ya kusaga, na mukiisajili kwenye faili andikeni imepikwa. Majani ya mlusina na ya muhogo pia yana sumu zao, protini yao kwenye jedwali isikuvuteni mukayajaza.

Samaki wanapinda mgongo. Mtu anaangalia protini, anaangalia kalsiamu, vyote viko sawa. Ulizeni primiksi ni ya nani. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za kuku, na kuku anajitengenezea vitamini C mwenyewe kwa hiyo mara nyingi haimo humo. Samaki wetu hawawezi kuitengeneza, na ikikosekana mgongo unapinda. Kwenye faili mstari umeandikwa "primiksi 2%" na umetiwa tiki, basi kila mtu ameridhika. Soma paketi. Hata kama imo, vitamini C ya kawaida inakufa kwa moto na kwa kukaa, kwa hiyo peleti zilizopikwa na kuanikwa juani siku nzima zinabaki na chache. Anikeni kivulini penye upepo.

Fosforasi nayo. Jedwali likionesha fosforasi ya jumla, pumba zinaonekana zimejaa, lakini sehemu kubwa ya fosforasi ya mimea, kiasi cha theluthi mbili hivi, imefungwa kwa namna ambayo samaki hawezi kuifungua. Linganisheni mahitaji na fosforasi inayopatikana, si ya jumla. Dagaa na mifupa yake anasaidia sana hapo.

Kisha swali la bwawa lenyewe. Mahitaji mengi ya kwenye majedwali yamepimwa kwenye matangi ya maji safi, ambako samaki anachokula ni kile anachopewa tu. Mwatiko wetu wa mabwawa ya maji ya bahari anakula utando wa chini, ule mchanganyiko wa mwani mdogo na vijidudu, na bwawa likiwa na utando mzuri na samaki wachache basi chakula cha protini 24 mpaka 28 kinaweza kumtosha, huna haja ya kukimbilia 35. Lakini ukimtia kwenye tangi au kwenye kizimba akabanana, ile nyongeza ya bure imeondoka, na hapo kila upungufu wa primiksi na laisini unaonekana. Kwa hiyo jirani akikwambia fomula yake inafanya kazi, muulize anafuga kwenye nini.

Na kabla hujaingia gharama yoyote tia peleti kumi kwenye glasi ya maji ya bwawa. Zikiyeyuka kabla samaki hajafika, protini yako yote inalisha maji, ndo ile unaona bwawa linazidi ukijani na samaki hawazidi uzito. Unga wa muhogo uliopikwa uji kwanza unashika vizuri kuliko uliotiwa mbichi.

Ukipeleka sampuli

Ukifika hapa na bado hujapata, pima kiambato. Usichote juu ya polo moja, chota juu, kati na chini kwenye mapolo kadhaa, changanya, gawa, punguza mpaka ubaki na nusu kilo, tia kwenye mfuko usiopitisha hewa. Chuo cha Sokoine Morogoro wanapima, na hapa visiwani waulizeni ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Zanzibar, na Taasisi ya Sayansi za Bahari wakuelekezeni. Omba unyevu, protini, mafuta, nyuzinyuzi na majivu, na kwa dagaa uombe na majivu yasiyoyeyuka kwenye asidi, hayo ndo yanaonesha mchanga. Na uliza majibu yametolewa kwa kavu au kama kilivyo, mana karatasi nyengine haisemi.

Jibu likirudi usifute namba ya zamani kwenye faili la pamoja. Ongeza mstari mpya chini yake: dagaa, aliyechemshwa na chumvi, ameanikwa chini au kwenye chanja, amenunuliwa wapi, mwezi gani, nani alopima, kwa kavu au kama kilivyo. Mwenzako wa Micheweni anayenunua dagaa wa aina hiyo hiyo atachukua mstari wako, hatohitaji tena namba ya dagaa wa nchi nyengine.